Mtaro Hauna Bili

Februari 2024, Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Tanga ilifanya jambo ambalo hakuna mamlaka ya maji ya Afrika Mashariki iliyokuwa imelifanya: ilikwenda sokoni kukopa kwa jina lake yenyewe. Iliuza hatifungani ya kijani ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka, ikitafuta shilingi bilioni 53.12. Wanunuzi walileta bilioni 54.72. Hatifungani ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, na fedha zikapangiwa mtambo, mabomba na dira, ili uzalishaji wa maji upande kutoka lita milioni 45 kwa siku hadi milioni 60.

Wengi waliopokea habari ile walishika neno kijani. Kwangu uzito uko kwenye chanzo cha marejesho. Mwenye hatifungani ya Tanga analipwa kutokana na makusanyo ya mamlaka: mama lishe wa Ngamiani anapolipia maji yake, ndani ya malipo hayo mna sehemu ya deni. Mapato yanaingia kwa shilingi na deni linalipwa kwa shilingi. Asiyeona uzito wa jambo hili na atazame Kenya. Mwanzoni mwa 2021 dola moja ilinunuliwa kwa takribani shilingi 110 za huko. Januari 2024 ilivuka 160. Mkopo wa dola ambao haukuongezwa hata senti moja ulikuwa mzito kwa karibu nusu zaidi kwa mlipakodi anayechuma shilingi. Ndiyo maana riba ya asilimia 13.5, ambayo kwa macho ni ghali mno ikilinganishwa na mikopo nafuu ya nje, huenda mwisho wa hesabu isiwe ghali hivyo. Tanga inajua leo itakacholipa hadi mwaka 2034. Mkopaji wa dola hajui.

Haikuwa kazi ya siku moja. Mamlaka ilitakiwa kwanza iwe na vitabu vya hesabu ambavyo mwekezaji asiyeijua Tanga anaweza kuvisoma na kuviamini, wateja wenye dira wanaolipa kwa wakati, na upotevu wa maji unaodhibitiwa. Mfuko wa Umoja wa Mataifa wa Maendeleo ya Mitaji, UNCDF, ulisaidia matayarisho, na vibali vya mamlaka za fedha na masoko ya mitaji vilipaswa kupatikana kimoja baada ya kingine. Mamlaka nyingi za maji nchini zingekwama hatua ya kwanza.

Lakini Tanga ilikuwa na kitu kingine ambacho hakionekani kwenye vitabu vya hesabu. Maji yake yanatoka Mto Zigi, unaoanzia kwenye misitu ya Amani, Usambara Mashariki, na kushuka hadi bwawa la Mabayani. Kulikuwa na miaka ambapo maji hayo yalifika bwawani yakiwa yamejaa tope, kwa kuwa huko juu watu walilima hadi ukingoni mwa mto, na wachimbaji wadogo wa dhahabu waliosha mchanga mtoni. Mamlaka ingeweza kuendelea kununua dawa zaidi za kusafishia maji kila mwaka na kumpandishia mteja bei. Ilichagua kushirikiana na wakulima wa bonde hilo, waliojiunga katika umoja wao wa UWAMAKIZI, ili kingo ziachwe, miti ipandwe, na kilimo na ufugaji vifanywe kwa namna isiyobomoa udongo. Fedha ya mjini ikapanda mlimani kwa sababu mlimani ndiko maji yanakoanzia. Hiyo ni kazi ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi kwa kila maana, na faida yake inaingia moja kwa moja kwenye gharama za mtambo.

Hapa ndipo swali kubwa linapojitokeza: taasisi za umma zinapata wapi fedha za kukabiliana na tabianchi na kujenga miundombinu itakayodumu, na je, kila fedha inawekwa mahali pake? Fedha hizi ni za aina kadhaa: hatifungani, mikopo nafuu ya nje, ruzuku za mifuko ya kimataifa, tozo, bajeti za serikali za mitaa. Kila aina ina kazi inayoiweza. Hasara kubwa tunayoiona katika ukanda wetu inatokana na kulazimisha aina moja ifanye kazi ya nyingine, na walioumizwa zaidi na kosa hilo ni watu wa mabondeni.

Tuanze Dar es Salaam. Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji na kuingia baharini karibu na Daraja la Salender. Kila masika mazito bonde la Jangwani hugeuka ziwa. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza kazi Mei 2016, karakana yake kuu ilikuwa imejengwa hapo hapo Jangwani, kwa mradi uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mvua zilipokuja, maji yaliingia karakanani na mabasi yakaharibika, na hali hiyo ikajirudia. Mwaka 2022 benki hiyo hiyo iliidhinisha dola milioni 200 za kuliboresha Bonde la Msimbazi. Uholanzi na Hispania zilipoongeza mchango wao, jumla ikafika takribani dola milioni 260. Katika kazi za mradi huo imo kuinua Daraja la Jangwani, kulipa fidia wakazi wanaohama, na kuiondoa ile karakana bondeni. Umma umekopa kujenga pabaya, kisha umekopa tena kurekebisha. Mradi wa Msimbazi unahitajika sana na naamini ulichelewa. Ila kama mto ungesikilizwa mapema, sehemu ya deni hili isingekuwepo.

Ugumu wa Msimbazi ni kwamba hauna mteja. Bomba la Tanga lina dira mwishoni. Mtaro hauna bili. Ukijengwa vizuri, matokeo yake ni mafuriko ambayo hayakutokea, na hakuna anayekatiwa risiti kwa mafuriko ambayo hayakutokea. Kwa hiyo deni linarudi kwa walipakodi wote, yumo mkulima wa Nachingwea ambaye huenda asiikanyage Jangwani maishani. Hilo lenyewe si dhuluma, kwani taifa ni kubebana. Dhuluma inaanza pale ambapo wapo watakaofaidika kwa fedha taslimu na hawaguswi. Bonde likikauka na kugeuzwa bustani ya jiji, viwanja na majengo ya Upanga, Magomeni na Kariakoo vitapanda thamani. Nchi nyingine hurudisha sehemu ya ongezeko hilo kwa kodi ya majengo. Kwetu, tangu 2021, kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango kimoja kwa nyumba za kawaida na kingine kwa kila sakafu ya ghorofa. Ni rahisi kukusanya, na wengi ambao hawakuwahi kulipa sasa wanalipa. Sifa hiyo inastahili. Lakini kiwango hicho hakijui kama jengo liko kwenye kona ya thamani kubwa kuliko zote Kariakoo au mwisho wa barabara ya vumbi. Serikali imetengeneza thamani kwa mkopo na haina mkono wa kuichukua hata sehemu ndogo yake.

Jambo la mikopo linauma zaidi ukikumbuka nani aliyechafua hewa. Afrika yote haifikishi asilimia 4 ya gesijoto inayozalishwa duniani. Kuhusu mvua za mwishoni mwa 2023 na za masika ya 2024, Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge mwezi Aprili 2024 kwamba watu 155 wamepoteza maisha Tanzania. Kenya idadi ilikaribia 300. Hata hivyo zaidi ya theluthi mbili ya fedha za umma ambazo nchi tajiri zilihesabu kuwa msaada wa tabianchi kwa nchi zinazoendelea mwaka 2022 zilikuwa mikopo. Aliyegharikishwa na maji anakopeshwa fedha ya kuyazuia maji. Mkopo unafaa pale ambapo kazi yenyewe inazaa kitu cha kuulipa. Daraja la kupitisha maji, ukingo wa mto na malisho ya ng'ombe wakati wa ukame havizai marejesho, na kuvijenga kwa mkopo wa fedha za kigeni ni kumkabidhi mjukuu deni la kosa ambalo babu yake hakulifanya.

Nchi tajiri zenyewe zilikubali jambo hili kwa maneno. Copenhagen mwaka 2009 ziliahidi dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, ambayo ni jumuiya ya nchi hizo, mwaka 2020 zilifikia bilioni 83.3, na ahadi ilitimia mwaka 2022, miaka miwili baadaye, kwa bilioni 115.9. Baku mwaka 2024 lengo jipya likawekwa: bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035. Nchi za Afrika ziliingia mkutanoni zikidai kiasi kikubwa zaidi ya hicho na ziliondoka na uchungu. Miezi michache baadaye, mapema 2025, Marekani ilitangaza kujitoa katika Mkataba wa Paris na kufuta dola bilioni 4 ilizokuwa imeahidi Mfuko wa Kijani wa Tabianchi na bado haijazitoa. Mpangaji wa bajeti Dodoma au Nairobi anayeegemea ahadi hizi anaegemea uchaguzi wa nchi nyingine.

Na hata fedha ikiwepo, njia yake ni ndefu. Mfuko huo wa Kijani uliamuliwa Cancún mwaka 2010 na makao yake yako Songdo, Korea Kusini. Haukabidhi fedha kwa wizara au halmashauri isiyo na ithibati. Hupitia taasisi zenye ithibati yake, nazo hulazimika kuthibitisha namna zinavyotunza fedha, zinavyonunua vifaa, zinavyopima athari kwa mazingira na kwa wanawake. NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilipata ithibati mwaka 2016, na benki ya CRDB ya Tanzania mwaka 2019. Kabla ya hapo, na mara nyingi hata baada yake, mradi wa Tanzania ulikwenda Songdo ukiwa umebebwa na mgeni.

Mradi wa Simiyu ni mfano unaostahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 2017 bodi ya Mfuko iliidhinisha zaidi ya euro milioni 100 za kupeleka maji ya Ziwa Victoria katika wilaya tano za mkoa huo: Busega, Bariadi, Itilima, Meatu na Maswa. Ujerumani, kupitia benki yake ya umma ya maendeleo KfW, ilikuwa ndiyo taasisi yenye ithibati na iliongeza fedha zake, na serikali ya Tanzania nayo ikaweka sehemu yake. Aina ya fedha ilichaguliwa sawasawa: eneo kame, watu wenye kipato kidogo, ruzuku kubwa. Lakini tangu idhini ya Songdo hadi mitambo ya ujenzi kuanza kuchimba ilipita miaka mingi ya upembuzi, wahandisi washauri, mikataba na vibali, na kila hatua ikirudi kwa mwenye fedha kabla ya kwenda mbele. Kila mwaka uliopita, bei za mabomba na saruji zilisonga, na wanawake wa Meatu waliendelea kuchimba mchanga wa mito mikavu kutafuta maji. Sina ugomvi na ukaguzi. Fedha ya umma isiyokaguliwa huliwa. Ugomvi wangu ni na ukaguzi unaofanyika wote kabla ya kazi kuanza, ilhali uharibifu wenyewe mara nyingi hutokea baada ya kazi kuisha, wakati ambapo hakuna mkaguzi anayerudi.

CRDB ilifuata njia nyingine. Mwaka 2021 iliidhinishiwa programu ya dola milioni 200, nusu yake ikitoka Songdo, ili kuwakopesha wakulima mitambo ya umwagiliaji, mbegu na zana za kuhimili ukame. Hapo mkopo una mantiki, maana shamba linalomwagiliwa linatoa mazao ya kuuza. Kisha mwaka 2023 benki hiyo iliuza hatifungani yake ya kijani ikitafuta shilingi bilioni 40 na ikapata bilioni 171.8. Takwimu hiyo ilinishtua kwa wema: akiba imo humu humu nchini, inatafuta pa kuwekwa. Kinachokosekana ni miradi ya umma iliyoandaliwa hadi mwenye akiba aweze kuiamini. Na kuandaa mradi, yaani kulipa wapimaji, wahandisi, wanasheria na wakaguzi wa hesabu kabla hata jiwe halijawekwa, ndicho kitu ambacho bajeti zetu hukikata mwanzo.

Kenya imefanya jaribio ambalo naliona kuwa la maana kuliko yote katika ukanda huu, nalo halikuanzia wizarani. Lilianzia Isiolo, baada ya ukame mkali wa mwanzoni mwa muongo wa 2010, kwa msaada wa Uingereza na kwa ushirikiano na Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame. Wazo lake: kaunti iwe na mfuko wa tabianchi, na kila wadi iwe na kamati ya mipango iliyochaguliwa na wananchi. Asilimia 70 ya fedha za mfuko ilipangiwa kazi zinazochaguliwa na kamati za wadi, asilimia 20 kazi za kaunti nzima, na asilimia 10 uendeshaji. Wadi zilichagua mambo ambayo mshauri kutoka mji mkuu asingeyafikiria kwanza. Waborana wa Isiolo wana dedha, baraza lao la wazee linaloamua ng'ombe walishe wapi wakati wa mvua na malisho yapi yahifadhiwe kwa kiangazi. Sehemu ya fedha ilikwenda kuimarisha baraza hilo: kukutana, kuweka mipaka, kulinda visima vya kiangazi visivamiwe kabla ya wakati. Katika andiko la mradi, fedha ya kuwakutanisha wazee ingesomeka kama posho na ingefutwa. Kwa mfugaji, ndiyo tofauti kati ya kundi linalovuka ukame na kundi linalokufa.

Makueni ilikwenda hatua moja mbele. Mwaka 2015 ilitunga kanuni zilizoutambua mfuko huo kisheria na kutenga asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo ya kaunti kwa ajili yake. Wajir, Garissa na Kitui nazo zikaingia. Nchini Tanzania wazo hilo lilijaribiwa Longido, Monduli na Ngorongoro, kupitia TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na washirika wake. Kisha mwaka 2021 Benki ya Dunia ikaidhinisha dola milioni 150 za kuupanua utaratibu huo Kenya nzima kwa programu ya FLLoCA, na Ujerumani, Denmark na Sweden zikachangia. Sharti la kaunti kupata fedha ni kutunga sheria, kuanzisha mfuko na kitengo, kutenga sehemu ya bajeti yake na kuunda kamati za wadi. Kaunti zilizokuwa hazina hata karani wa tabianchi zikatunga sheria kwa sababu sheria hiyo ilikuwa na fungu nyuma yake.

Nina mashaka mawili. La kwanza, fedha ya FLLoCA kutoka Washington ni mkopo wa taifa, hata kama kaunti inaupokea kama ruzuku. Tumerudi kwa mjukuu yule yule. La pili, kaunti hulalamika kila mwaka kwamba Hazina huchelewesha mgao, na bwawa la mchanga ambalo fedha yake inafika mvua zikiwa zimeanza halijengwi hadi mwaka unaofuata. Hata hivyo ile asilimia 1 ya Makueni ina nguvu ambayo mamilioni ya nje hayana. Mfadhili akiondoka kesho, kanuni inabaki kwenye vitabu vya kaunti, na diwani atakayetaka kuifuta itabidi asimame mbele ya wapiga kura wake aseme kwa nini.

Kuna kazi nyingine ambayo fedha ya umma pekee inaiweza, nayo ni kubeba hatari ya kwanza. Umeme wa jotoardhi unahitaji kuchimba visima vya kilomita mbili au tatu kwenda chini, kila kimoja kwa mamilioni ya dola, bila uhakika wa kukuta mvuke. Benki ya biashara haikopeshi kwa kisima ambacho huenda kikawa kikavu. Olkaria, nchini Kenya, ilianza kuzalisha umeme mwaka 1981 kwa juhudi za serikali na wakopeshaji wa umma, na mwaka 2008 Kenya iliunda kampuni ya umma ya GDC iwe mchimbaji wa kwanza: serikali inatafuta mvuke, ikiupata inauuza kwa wenye mitambo. Leo jotoardhi inatoa takribani asilimia 40 ya umeme wa Kenya, na nchi ambayo ukame ungeizimia mabwawa yake inaendelea kuwaka. Bei ya ujasiri huo nayo isifichwe. Menengai, huko huko Kenya, ilianza kuchimbwa mwaka 2011, na mtambo wa kwanza, wa megawati 35, ulianza kazi mwaka 2023. Miaka 12 fedha ya umma ilikuwa imelala ardhini ikisubiri mikataba, dhamana na wawekezaji. Tanzania inayotafuta mvuke wake Ngozi, mkoani Mbeya, ina sababu ya kuisoma Menengai ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuchimba sana: mkataba wa kununua umeme uandaliwe sambamba na kisima.

Tozo ndiyo chanzo ninachokiona kuwa cha kweli kuliko vyote na kinachosahaulika kuliko vyote. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, na Mfuko wa Taifa wa Maji kwa miaka mingi vimekula kutokana na mafuta: sehemu ya bei ya kila lita ya petroli na dizeli inayouzwa Tanzania. Vijiji vingi vilivyopata nguzo za umeme tangu Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005 vilizipata kwa fedha hiyo, bila mkutano wa kimataifa. Uzuri wake ni wa namna mbili. Inakuja kila mwezi, na imewekewa uzio wa kisheria ili isiingie kwenye kapu la matumizi mengine, ingawa ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimeonyesha zaidi ya mara moja kwamba kinachokusanywa si lazima kifike chote kwa wakati.

Lakini chanzo hiki kinabeba mgongano ndani yake. Tunafadhili umeme na maji kwa kodi ya kitu tunachotaka kitumike kidogo. Bajaji na teksi za Dar es Salaam zinahamia gesi asilia, pikipiki za umeme zimeshaingia barabarani, na treni ya umeme inabeba abiria hadi Dodoma tangu 2024. Kila anayehama ni tozo iliyopungua. Mwaka huo huo wa 2024 pendekezo la kuitoza gesi ya magari lilifika bungeni na likapingwa vikali na madereva waliokuwa wamelipia mitungi kwa kuamini kwamba gesi ni nafuu. Madereva walikuwa na haki yao, na Hazina ilikuwa na hoja yake. Kenya ilionja shida hiyo kwa ukali zaidi: Muswada wa Fedha wa 2024 ulikuwa na tozo ya mazingira kwa bidhaa nyingi, miongoni mwa kodi nyingine, na baada ya maandamano yaliyogharimu maisha ya vijana Rais William Ruto alikataa kuusaini. Mwananchi wa Nairobi aliambiwa alipie mazingira, asiambiwe ni mto gani utasafishwa wala lini. Mteja wa Tanga anajua bomba liko wapi.

Hayo yananirudisha mtaani, kwenye mitaro midogo ambayo hakuna Mfuko wa Songdo utakaoishughulikia. Mafuriko mengi ya mijini hayatokani na kukosa ujenzi. Mtaro upo, ulijengwa kwa mkopo, na umejaa mchanga na chupa za plastiki. Vijijini ni hivyo hivyo: tathmini za vituo vya maji Tanzania zimeonyesha kwa miaka mingi kuwa sehemu kubwa havitoi maji, vingine vikiwa vimeharibika muda mfupi baada ya kukabidhiwa, na kuundwa kwa RUWASA, wakala wa maji vijijini, mwaka 2019 kulikuwa jibu la serikali kwa aibu hiyo. Mwenye fedha za nje hupenda kuzindua. Kuzibua hakuna utepe wa kukata. Matunzo ni lazima yalipwe na fedha ya ndani, kidogo kidogo, kila mwaka.

Na mfano wa kisheria upo. Tangu 2018 sheria ya fedha za serikali za mitaa inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Utekelezaji umekuwa na kasoro nyingi za marejesho, hadi utaratibu ukasimamishwa kwa muda na kupangwa upya. Ila sheria ilithibitisha kwamba halmashauri inaweza kulazimishwa kutenga fungu, na wananchi wakaijua hesabu yake kwa moyo kiasi cha kuidai. Fungu la asilimia 2 kwa ajili ya mitaro, kingo za mito na visima, likiamuliwa na kamati za mitaa na vijiji kwa mtindo wa wadi za Isiolo, lingefanya kazi ambayo leo haina mwenyewe. Kabla ya hapo kuna jambo moja la kuamuliwa. Mtaro wa barabara ni wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu uanzishwe mwaka 2017. Taka zilizomo ndani yake ni za halmashauri. Vuli inapokaribia, kila mmoja hungoja mwenzake aanze. TAMISEMI, iliyo juu ya wote wawili, inaweza kulimaliza hilo kwa waraka mmoja unaotaja nani anazibua, kwa fungu lipi, na kabla ya tarehe gani ya Septemba.